Uso wa Aleyamma

Dada yangu Aleyamma alifariki asubuhi ya mvua, mwezi wa Juni, akichochea moto wa uji. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikichota maji kisimani, nikasikia ungo umeanguka. Nilipoingia jikoni nilimkuta amelala ubavu karibu na mafiga, mkono mmoja bado umeshika kuni. Nilipiga magoti nikamsomea sikioni majina ya Yesu, Maria na Yosefu, kama tulivyofundishwa kumsomea mtu anayeondoka. Sijui kama alisikia. Mungu anajua.

Mumewe alikuwa barazani akiitazama mvua.

"Shemeji!" nilimwita. "Shemeji, njoo! Aleyamma!"

Alikuja mbio, lakini alipofika mlangoni mwa jikoni akasimama. Hakuingia. Nilidhani ni mshtuko. Baadaye nikakumbuka kwamba pale pale aliposimama ndipo alipowahi kuiweka kamera yake, zamani, alipompiga Aleyamma picha ile iliyompa jina yeye mpiga picha.

Huyu shemeji yangu ni Kuruvila, yule aliyeitwa Delhi kupewa tuzo ya taifa ya upigaji picha za sinema. Watu wanaopenda sinema za lugha yetu ya Kimalayalam bado wanamtaja. Hapa kwetu, kwenye mji mdogo wa kando ya mto Meenachil, alitajwa mapema zaidi, na kwa kazi nyingine.

Saa za asubuhi zilipita upesi. Wanawake walimwosha dada yangu, wakamvisha sari yake ya arusi iliyokuwa imekunjwa sandukuni kwa ajili ya siku hiyo, wakamwekea taji la maua kichwani na rozari vidoleni. Kengele ya kanisa ililia. Majirani walifunga vitambaa vyeusi kwenye miti ya mpira, kuanzia njia kuu mpaka kwenye ngazi zetu. Hakuna aliyewasha moto tena katika jiko letu. Uji na choroko vilitoka nyumba ya jirani.

Ndipo akaja Paily, mwenye studio ya picha ya mjini, mwavuli mkononi na suruali imelowa hadi magotini. Zamani alikuwa mwanafunzi wa Kuruvila.

"Mwalimu," alisema, akimshika mikono, "pole sana. Mama ametuachia pengo. Sasa nipe picha yake niiwahishe. Basi linalobeba bahasha za gazeti linaondoka saa kumi."

"Picha gani?" Kuruvila aliuliza.

"Yoyote ile. Ilimradi ina uso."

Kuruvila aligeuka akaitazama tena mvua. Paily akanigeukia mimi. Nami nikatazama chini.

Kwetu hata mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuandikwa popote huingia gazetini siku anapokufa. Ukurasa huo ndio watu huufungua kwanza, kabla ya siasa na kabla ya bei ya mpira. Ndugu walioko Madras na Bombay na nchi za Ghuba hujua kwa njia hiyo nani ameondoka. Mtu akizikwa bila uso wake kutoka gazetini, watu husema amezikwa kama mgeni.

"Jamani," alisema Mariakutty, jirani yetu, mwanamke ambaye hata msibani ulimi wake haupumziki, "nyumba ya mpiga picha hakuna picha? Hii ni sawa na kukosa chumvi baharini."

Tulitafuta. Tulifungua sanduku la bati, tukamwaga vilivyomo juu ya kitanda. Walikuwemo waigizaji waliokwisha kufa na waigizaji waliokwisha kusahauliwa. Ilikuwemo mito, tembo chini ya mvua, bibi vizee wa watu wengine, Kuruvila akipokea tuzo mkononi mwa waziri. Aleyamma hakuwemo.

Mimi nilijua hatakuwemo. Nilikuwa naomba tu kimoyomoyo kwamba nimekosea.

*

Kuruvila alianza kazi akiwa kijana mdogo kwa mzee Lonappan, mpiga picha wa kwanza wa mji huu. Siku hizo watu wengi walipigwa picha mara moja tu, wakiwa jenezani. Lonappan aliitwa, akaenda na kamera yake ya mbao, akaamuru jeneza liinuliwe upande wa kichwa, na ukoo mzima ukasimama kulizunguka. Desturi hiyo tunayo mpaka leo.

Lakini familia nyingine zilitaka picha ya kutundika ukutani, na nani anataka kutundika maiti? Kwa hiyo Lonappan alichukua picha ya uso wa marehemu, akaketi dirishani na brashi nyembamba, akamchorea macho yaliyofumbuka. Kazi hiyo alimfundisha Kuruvila.

"Kila jicho lina nukta yake ya mwanga," mzee alimwambia. "Ukiiweka pasipo pake, umemchora mtu mwingine."

Kuruvila alimzidi mwalimu wake. Wajane waliletewa picha wakaanguka wakilia, kwa sababu waume zao walikuwa wanawatazama tena kama siku walipokuwa wazima. Ukiingia katika nyumba za zamani za parokia yetu utawakuta bado wamo ukutani, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, wamefumbua macho ya Kuruvila.

Alipomchumbia dada yangu, yeye ndiye aliyekuwa mpiga picha pekee mjini, maana Lonappan alikuwa amekwisha kufariki. Asubuhi ya arusi alitia filamu kwenye kamera kwa mkono wake mwenyewe, akampa Paily, akamwambia kazi yako ni kubonyeza tu. Paily alibonyeza kanisani, akabonyeza wakati wa kula, akabonyeza mpaka wageni walipoondoka. Kumbe bwana arusi, kwa haraka zake, hakuipachika ncha ya filamu sawasawa kwenye meno ya gurudumu. Haikusogea hata kidogo, wala picha moja haikutoka.

"Basi hatujaoana," Kuruvila alimtania mkewe. "Hakuna ushahidi."

"Ushahidi ni masufuria yako yanayongoja kuoshwa," alisema Aleyamma. "Nipige nyingine."

"Nitakupiga. Mwanga ukiwa mzuri."

Neno hilo halikuwa la kukwepa. Ndivyo alivyofanya kazi. Alipokwenda Madras, kwenye studio za sinema, kubeba masanduku ya kamera za wengine, na baadaye alipopewa kamera yake, alijulikana kwa jambo hilo moja: hakubali kuwasha taa pale ambapo jua linaweza kusubiriwa. Waigizaji walikaa na poda usoni hadi ikapasuka. Wenye fedha walimtukana. Yeye aliketi juu ya sanduku, ametega kiganja hewani kama anayengoja kuwekewa kitu. Na kweli, mwanga ulipofika, picha ile hakuna mwingine angeweza kuipata.

Sinema iliyompa tuzo ilipigwa nusu yake humu nyumbani mwetu. Paa la jiko lina kigae kimoja cha kioo, na jua la saa tatu hushuka kwacho kama nguzo, moshi wa kuni ukipanda ndani yake. Mwigizaji mkuu alikuwa mgonjwa siku ile. Kuruvila hakutaka kuupoteza mwanga. Alimvisha Aleyamma nguo nyeupe za mama zetu, zenye marinda nyuma kama upepeo wa mkono uliokunjuliwa, akamsimamisha mbele ya mafiga akipepeta mchele, mgongo kwa kamera.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimezuiwa nje ya dirisha pamoja na kuku.

"Na uso?" dada yangu aliuliza.

"Uso ni wa mwigizaji. Wewe usigeuke tu."

"Bwana huyu," aliniambia kupitia dirishani, "anaupenda moshi wangu kuliko mimi." Akacheka, na Kuruvila akamkaripia kwa sababu mabega yametikisika.

Wasomi wa sinema waliandika kurasa na kurasa juu ya mgongo ule. Hawakujua ni wa nani, na sisi hatukusema. Wakati ule mwanamke wa kanisani kuonekana kwenye sinema ilikuwa maneno mji mzima. Hata binti yao, Lisi, aliyekuwa shule ya bweni kwa masista, hakuambiwa.

Baada ya hapo zilikuja filamu za rangi, kisha wakaja waongozaji wenye haraka. Mmoja alimwambia mbele ya watu wote, "Mzee, jua nitalinunua dukani, wewe washa taa." Kuruvila aliwasha taa. Sinema mbili, tatu, kisha simu ikanyamaza. Akarudi nyumbani kukaa barazani.

Nilidhani sasa angempiga picha. Pasaka yake ya mwisho dada yangu alivaa sari ya buluu, akakaa kwenye ngazi, akasema, "Haya, mwenye tuzo. Nimeshakuwa bibi, lakini pua ipo bado." Kuruvila akatoa kamera. Akapima, akarudi nyuma, akasogea mbele. Wingu likapita.

"Kesho," alisema.

Aleyamma aliinuka akaenda kukatakata muhogo. Hakuonyesha kukasirika. Alikuwa amezoea.

*

Saa sita hivi paroko alinitumia mtu: Lisi amepiga simu kutoka Kuwait, anasubiri. Nilikimbia kwenye mvua bila viatu mpaka kwenye simu ya parokia. Lisi ni muuguzi kule. Alikuwa ameshaambiwa na mtu mwingine, sijui nani.

"Mama mdogo," alisema, "usiniambie. Nimeshajua."

"Njoo, mwanangu."

"Hawanipi ruhusa. Wanasema mpaka mwezi ujao. Mama mdogo, nisikilize, simu hii inakula hela. Nipigieni uso wake. Sina picha ya mama. Wenzangu wote humu chumbani wana mama zao ukutani. Mimi ninayo ya baba na waziri."

Akaanza kulia, na laini ikakatika.

Nilirudi nikamweleza Kuruvila, mbele ya jeneza, kwa maneno yale yale. Sikupunguza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akaenda chumbani, na aliporudi alikuwa na kamera shingoni.

"Mwalimu, niachie mimi," alisema Paily kwa upole. "Wewe ni mfiwa."

"Sogea."

Aliwaomba wanawake waliokuwa wakisali wasogee ukutani. Alizima mishumaa ya upande mmoja kwa vidole vyake. Alifungua dirisha kubwa la mbele, mwanga wa mawingu ukaingia chumbani, mweupe, mpole, usio na kivuli kikali popote. Alivua kitambaa cheupe alichokuwa amejitanda mabegani, akampa Mariakutty akishike upande wa pili wa jeneza ili kiurudishe mwanga shavuni. Hata Mariakutty alinyamaza. Kuruvila alipanda kwenye stuli, akainama juu ya uso wa mkewe, akautega mkono wake hewani kama zamani.

"Mwanga ni mzuri," alisema.

Nimesali rozari nyingi tangu siku ile, na neno hilo bado hunijia katikati ya Salamu Maria. Namwomba Mama wa Mungu aniondolee. Bado hajaniondolea, na huenda ana sababu.

Alibonyeza. Kisha akanishika kiwiko.

"Kathri, twende."

"Niende wapi, shemeji? Nimwache dada yangu?"

"Twende studio. Nitakuhitaji."

Watu walituangalia tukitoka chini ya mwavuli mmoja, mgane na dada wa marehemu, jeneza likiwa wazi nyuma yetu. Mungu atusamehe, ilikuwa haja.

Paily alisafisha filamu na kutoa picha kubwa katika chumba chake cha giza, akaileta ingali mbichi. Aleyamma alikuwa mzuri mno. Kila mkunjo wa uso ulikuwepo, hata kovu dogo la kidevuni alilolipata utotoni tulipogombania fenesi. Alikuwa amefumba macho kama mtu anayesikiliza.

Kuruvila aliketi dirishani. Paily alimpa brashi na rangi, akasimama nyuma yake kwa heshima, maana hakuna aliyekuwa amemwona akifanya kazi ile tangu ujana. Aliishusha brashi mpaka karibu kabisa na karatasi, ikakaa hapo.

Akaiinua. Akaishusha tena.

"Mwalimu, saa," Paily alinong'ona.

"Kathri," Kuruvila alisema bila kugeuka, "macho yake yalikuwaje?"

Sikuelewa. "Yalikuwaje vipi?"

"Yalikuwa meusi tupu, au yenye rangi ya kahawia? Kope ya juu ilifunika kiasi gani? Alipokutazama, alikutazama moja kwa moja au kwa pembe ya jicho?"

"Shemeji, wewe ndiye uliyelala naye kitanda kimoja."

"Najua."

"Umekula mkononi mwake tangu nikiwa msichana."

"Najua, Kathri! Najua mwanga ulivyokuwa unamwangukia begani. Najua saa ngapi unafika shingoni. Macho siyapati." Aliweka brashi chini. "Nikifumba yangu namwona ananipa mgongo."

Paily alitoka nje, akajifanya anaangalia kama mvua imepungua.

Nilitaka kumwambia neno baya. Lilikuwa tayari mdomoni. Nikamkumbuka Lisi na laini iliyokatika, nikalimeza. Nilijaribu kumweleza macho ya dada yangu, lakini jaribu wewe kueleza macho ya mtu. Nilisema yalikuwa mapole. Nilisema yalikuwa yakicheka kabla ya mdomo. Hayo hayachoreki.

"Watu husema tulifanana," nilisema mwishowe.

Aliniangalia kwa muda mrefu, kwa mara ya kwanza nadhani.

"Simama hapa. Tazama dirishani."

Nilisimama. Alichora macho yangu usoni mwa dada yangu, la kulia, kisha la kushoto, kisha nukta mbili za mwanga. Basi la saa kumi liliondoka na bahasha.

*

Gazeti lilifika asubuhi ya mazishi. Lilipita mkono kwa mkono barazani, na kila aliyelisoma aliinua kichwa akanitazama.

"Kathri," Mariakutty alinisogelea akanong'ona, "wewe ndiye umekufa au ni dada yako? Nijue nimlilie nani."

Kando ya jeneza tulisimama wote kwa picha ya ukoo, Paily nyuma ya kamera, jeneza limeinuliwa upande wa kichwa kama siku za Lonappan. "Mwalimu, tazama huku," Paily aliita. "Mwalimu, tafadhali." Kuruvila hakutazama kamera. Alikuwa anamtazama Aleyamma, kwa bidii, kama mtu anayetaka kukariri sala aliyoiacha bila kuijifunza mpaka usiku wa kuamkia mtihani. Makaburini, wakati wa busu la mwisho, ilibidi paroko amwondoe kwa kumshika mabega ndipo leso ikafunika uso.

Lisi alikuja kwa sala za siku ya arobaini na moja tangu kifo. Picha ilikuwa ukutani kwa fremu yake, taa nyekundu ya Moyo Mtakatifu juu yake. Hatukumpelekea ile picha Kuwait. Baba yake alisema ataiona nyumbani. Lisi aliweka mkoba chini, akavua viatu, akaenda moja kwa moja ukutani. Alikaa hapo hata kahawa yake ikapoa.

"Nani huyu?" aliuliza.

"Mama yako," alisema Kuruvila.

"Hapana. Kidevu ni cha mama. Anayenitazama ni mama mdogo." Alinigeukia, akarudi kwenye picha. "Baba, umefanya nini?"

Kuruvila alimweleza. Hakuficha kitu, hata lile la macho kutokumjia. Nilikaa mkekani nikihesabu punje za rozari bila kusali. Lisi hakupaza sauti. Alisema tu, "Ungenipigia amefumba macho. Mimi ni muuguzi, baba. Nimewafumba macho wafu wengi. Ningemjua." Kisha akauliza kama ile filamu bado ipo, ile yenye uso wake wa kweli. Paily alikuwa ameitunza, lakini fangasi wa mvua walikuwa wameingia. Tayari nyuzi zao zilikuwa zimeota juu ya mdomo wake pichani.

Ndipo Kuruvila akaenda kutoa kopo la bati alimokuwa akiweka vipande vya filamu, kimoja kimoja kutoka kila kazi aliyoipenda. Alipekua kwa kucha mpaka akapata kimoja, akampa binti yake. Hakusema ni nini.

Lisi alikiinua kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa kidogo kama stempu. Nguzo ya jua, moshi, mwanamke wa nguo nyeupe, mgongo. Mwanamke alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, akijikuna kisigino kwa kidole cha mguu wa pili.

"Mama!" alisema Lisi. Hakusita hata kidogo. "Ni mama. Tazama mguu. Yuko jikoni, anapepeta." Alicheka, machozi yakimtoka, akakigeuza kipande, akakitazama upande wa pili, akakigeuza tena, kama mtoto anayemtafuta mtu nyuma ya kioo. "Mbona hageuki?"

Kuruvila alikuwa ameketi kizingitini, mkono wake umelala wazi gotini.

"Nilimwambia asigeuke," alisema.

Jua lilikuwa limeanza kuzama nyuma ya miti ya mpira. Saa ya sala ilikuwa imefika, kwa hiyo nilitandika mkeka mbele ya Moyo Mtakatifu, nikaanza Baba Yetu. Lisi aliitikia. Kuruvila alipiga magoti nasi, lakini sikuisikia sauti yake. Ukutani macho yangu yalinitazama nikimwombea dada yangu pumziko la milele, na mwanga wa milele umwangazie.